Mlango haukuvunjwa, ulifunguliwa kwa ufunguo

Nilipoanza kazi ya utangazaji, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kituo chetu kilikuwa na chumba cha kanda. Humo zilihifadhiwa sauti za miaka mingi: hotuba, taarabu, na mahojiano na wazee ambao wengi wao walikwisha kutangulia mbele ya haki. Mlangoni alikaa mzee mmoja mwenye daftari. Ukitaka kanda, unaandika jina lako, unatia saini, unaeleza utairudisha lini. Asubuhi moja kanda kumi na mbili hazikuonekana. Tulikagua kitasa, madirisha na dari. Hapakuwa na alama hata moja ya kuvunjwa. Baadaye ikafahamika kwamba ufunguo wa chumba kile ulikuwa umechongeshwa mara kadhaa, na hakuna aliyejua nakala ngapi zilikuwa mikononi mwa watu gani. Kanda zile hazijapatikana hadi leo.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu msikilizaji mmoja, mhasibu katika zahanati hapa Dar es Salaam, ameniletea swali. Ofisi yao zamani iliweka kumbukumbu zake katika kompyuta ya pale pale ofisini. Sasa kila kitu kimehamishiwa kwenye kile wanachokiita wingu. Anauliza: "Je, huko ni salama?" Swali ni fupi, lakini jibu lake linahitaji subira kidogo.

Kwanza tuelewane kwamba wingu hili halipo angani. Ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta, na wenye majengo hayo hukodisha nafasi kwa yeyote anayelipa. Wewe ukiwa Kariakoo unafungua kompyuta yako, unapita katika intaneti, na unazifikia kumbukumbu zako zilizowekwa nchi nyingine. Moja ya kampuni zinazojulikana kwa huduma ya kuhifadhi na kuchambua data kwa njia hii ni Snowflake ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2012. Yenyewe haijengi majengo hayo. Mfumo wake huendeshwa juu ya kompyuta za Amazon, Microsoft na Google. Wateja wake ni mabenki, kampuni za simu, maduka na kampuni nyingine nyingi kubwa.

Katika mwaka 2024 wateja wengi wa Snowflake waliibiwa data. Kampuni ya uchunguzi iitwayo Mandiant, iliyo chini ya Google, ilitoa taarifa yake tarehe 10 Juni mwaka huo. Ilisema kwamba wateja wapatao 165 wamearifiwa kuwa huenda data zao zimefikiwa na wezi. Miongoni mwa kampuni zilizotajwa katika mkasa huo ni Ticketmaster, wauzaji wa tiketi za maonyesho. Na tarehe 12 Julai kampuni ya simu ya AT&T ikatangaza habari nzito zaidi: zimeibwa kumbukumbu za simu na ujumbe za karibu wateja wake wote wa simu za mkononi, kwa muda wa kuanzia tarehe 1 Mei hadi 31 Oktoba 2022.

Maneno waliyozungumza watu hayakuwamo, wala majina yao. Zilikuwamo namba: namba hii iliwasiliana na namba ile, mara ngapi, kwa muda gani. Huenda mtu akasema hayo si kitu. Mimi ni mwandishi wa habari, na naliona jambo hili kwa jicho jingine. Karani anayenipigia simu usiku kuniambia dawa za wagonjwa zinauzwa mlango wa nyuma hahitaji kurekodiwa sauti ili aangamie. Yatosha mtu aone kwamba namba yake imekutana na yangu. Kadhalika mke aliyekimbia kipigo, akawa anampigia dada yake mahali alikojificha. Kutafuta namba ni ya nani si kazi ngumu kwa mwenye nia mbaya.

Sasa tuulize wezi waliingiaje. Wachunguzi hawakuona dalili kwamba mfumo wa Snowflake wenyewe ulitobolewa. Wezi waliingia kwa majina na maneno ya siri ya watumiaji halali. Maneno hayo yalikuwa yameibwa kabla, kwa kutumia programu za wizi zinazojificha ndani ya kompyuta na kunakili kila neno la siri zinalolikuta. Baadhi ya kompyuta zilizoambukizwa zilikuwa za wafanyakazi wa mkataba, ambao kwa kompyuta hiyo hiyo ya kazi walicheza michezo na kupakua programu za wizi mitaani. Hapo msikilizaji wangu asicheke, maana programu za namna hiyo tunazijua sote, na tunajua zinavyouzwa kwa bei ya soda.

Mandiant wakataja mianya mitatu. Wa kwanza: akaunti zilizoingiliwa hazikuwa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani ule utaratibu wa kuulizwa neno la siri na kisha kuthibitisha tena kwa simu yako. Wa pili: maneno ya siri yalikuwa hayajabadilishwa kwa muda mrefu. Kuna yaliyoibwa kuanzia Novemba 2020, na mwaka 2024 bado yalikuwa yakifungua mlango. Wa tatu: hapakuwa na orodha ya mahali panaporuhusiwa kuingilia.

Huu mwanya wa tatu ndio watu wengi hawaujui, nami nataka tukae nao kidogo. Kila kompyuta inapotoka kwenda katika intaneti hutoka na anwani, ambayo ni mfululizo wa tarakimu. Kompyuta za ofisi moja kwa kawaida hutoka kwa anwani moja au chache tu. Kwa hiyo mwenye akaunti anaweza kuuambia mfumo: watu wangu watatokea katika anwani hizi, anayetokea kwingine, hata akiwa na neno la siri sahihi, asifunguliwe. Maagizo ya namna hii huitwa sera ya mtandao. Ndani yake kuna orodha ya anwani zinazoruhusiwa na orodha ya zinazozuiwa, na anwani ikionekana katika orodha zote mbili, zuio ndilo linaloshinda.

Sera hiyo inaweza kuwekwa kwa akaunti nzima, au kwa mtumiaji mmoja mmoja. Iliyowekwa kwa mtumiaji hufuatwa kwanza, kwa huyo mtumiaji, kabla ya ile ya wote. Jambo hili lina faida yake, kwa sababu si kila anayeingia ni binadamu. Kuna programu zinazoingia zenyewe usiku wa manane kupeleka mauzo ya siku. Programu haina simu mfukoni ya kuthibitishia hatua ya pili. Ya namna hiyo inafaa kufungwa kwenye anwani moja tu, ile inakotokea. Na wanaofanya kazi nyumbani, ambao anwani zao hubadilika kila mara, hupitishwa kwanza katika njia ya faragha ya ofisi, ili watokee kwa anwani inayojulikana.

Lakini kama sera haikuwekwa, mfumo humpokea mtu kutoka anwani yoyote duniani. Hivyo ndivyo neno la siri lililoibwa katika kompyuta ya nyumbani lilivyoweza kutumika na mtu aliye bara jingine.

Hapo tunafika kwa mwenye mamlaka ya kuiweka. Katika Snowflake madaraka yamegawanywa. Yuko msimamizi wa watumiaji, anayeandikisha watu na kuunda majukumu yao. Juu yake yuko msimamizi wa usalama, anayeamua nani apewe ruhusa gani, na ndiye anayeweza kuandika sera ya mtandao. Pembeni yuko msimamizi wa mfumo, anayeshughulikia maghala ya data yenyewe. Juu ya wote yuko msimamizi mkuu wa akaunti, aliyerithi uwezo wa wote hao. Ushauri wa kampuni yenyewe ni kwamba cheo hicho cha juu wapewe watu wachache, lakini wasipungue wawili, maana aliye peke yake akipoteza neno lake la siri, kurudishiwa kuna taratibu ndefu. Tena wasikitumie kwa kazi za kila siku. Wakivae pale tu inapobidi, kama hakimu anavyovaa joho.

Ukitembelea ofisi zetu utaona kinyume chake. Meneja anataka cheo cha juu kwa sababu yeye ni meneja. Fundi aliyefunga mfumo amebaki nacho, ingawa mkataba wake ulikwisha mwaka juzi. Karani amepewa kwa sababu siku moja ripoti ilichelewa na hakuna aliyekuwa na muda wa kumpimia ruhusa inayomtosha. Ule ni ufunguo wa chumba cha kanda, unachongeshwa upya kila mtu anapoona uvivu wa kwenda kumtafuta mzee wa daftari.

Lawama isiwaangukie wateja peke yao. Wakati wa mkasa ule, uthibitisho wa hatua mbili ulitegemea kila mtumiaji ajiandikishe mwenyewe, na msimamizi hakuwa na njia nyepesi ya kuwalazimisha wote. Kelele zilipozidi, Snowflake ilimpa msimamizi uwezo huo Julai 2024, na akaunti mpya zilizofunguliwa kuanzia Oktoba 2024 zikawekewa sharti hilo tangu mwanzo. Mwisho wa mwezi huo huo mtuhumiwa mmoja alikamatwa Kanada kwa ombi la Marekani. Ni hatua njema, ila data zikishatoka hazirudi kama kuku jioni.

Nirudi kwa mhasibu wangu. Ndugu yangu, usiniulize mimi kama wingu ni salama. Kesho asubuhi muulize mkuu wako maswali manne. Ni watu wangapi wana cheo cha juu, na majina yao ni nani? Je, aliyeacha kazi alifutwa siku ile ile? Je, kila mtu anathibitisha kwa hatua mbili? Na je, mlango wetu unafunguka kutoka anwani zipi? Akikujibu papo hapo, lala usingizi. Akikwambia "mambo hayo anayajua fundi", basi anza na jina la fundi huyo.

Sheria nayo ipo. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Mgonjwa anayekuja katika zahanati yako akaeleza maradhi yake hajui lolote kuhusu anwani wala sera. Yeye amekuamini wewe uliyekaa dirishani, ukaandika jina lake.

Mzee wetu wa daftari alistaafu muda mfupi baada ya kanda zile kupotea. Siku ya kuaga aliniambia kwamba hakuwahi kuulizwa, hata mara moja, kama kuna nakala ya ufunguo. Angeulizwa, alisema, angewataja wote.

Hadi juma lijalo, kwaherini.