Mkanda wa harusi unaoza kabatini? Uhamishie kwenye diski!

Miaka ya 1990, harusi ya mjini bila mtu wa video ilionekana kama pilau lisilo na nyama. Jamaa alipita katikati ya meza na kamera begani, taa kali ikiwaumiza wageni macho, na shangazi aliyejifanya hataki kupigwa picha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizia mkanda kesho yake. Leo mikanda hiyo iko wapi? Juu ya kabati, ndani ya mfuko wa rambo, inakula vumbi.

Sasa sikiliza, kijana wa mjini. Huenda humo yumo bibi yako anapiga vigelegele, na sauti yake haipo pengine popote. Nao mkanda unakufa taratibu. Picha zimeshikwa na unga wa sumaku uliopakwa juu ya plastiki nyembamba. Joto na unyevu wa miji kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huuharibu, na ukungu hupenda sana kuota humo. Tena deki nazo zimeadimika. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, iliacha Julai 2016.

Dawa ipo, wala si uchawi.

Kwanza, kagua mkanda. Ukiona unga mweupe kwenye kingo zake, huo ni ukungu. Usiucheze ng'o! Utachafua deki, na deki itaambukiza mikanda mingine. Mpelekee fundi anayejua kuusafisha. Kama ni mzima, vunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti ya VHS, mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi akafuta harusi ya mama yako.

Pili, unganisha. Waya wa njano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni za sauti. Zitoe kwenye deki, uzichomeke kwenye kifaa kidogo cha kunasia video, nacho ukichomeke kwenye USB ya kompyuta. Kwenye programu chagua PAL, mfumo wa Tanzania na Kenya. Kama mkanda ulitumwa na mjomba aliyeko Marekani, chagua NTSC. Mikanda midogo ya Hi8 huchezwa na kamera yake yenyewe. MiniDV, iliyoanza 1995, hutumia waya wa FireWire, na saa moja hula kama gigabaiti 13.

Tatu, subira. Hakuna njia ya mkato hapa: mkanda wa saa tatu unanaswa kwa saa tatu. Chemsha chai, ukae nao.

Nne, choma diski. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, kama saa mbili za picha nzuri. Ukiisukumizia saa sita, sura za watu zitageuka uji. Iandike jina kwa kalamu maalumu ya diski, usibandike karatasi, na usiiache juani.

Lakini usiitegemee diski peke yake, maana kompyuta nyingi za siku hizi hazina hata pa kuiingizia. Weka faili kwenye diski ngumu, na nakala nyingine kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Na mkanda wenyewe usiutupe.

Unampelekea fundi? Mwambie unataka faili, siyo diski tu, na akimaliza afute nakala yake. Mambo ya fungate si ya mtaa mzima, ati!

Basi Jumapili hii panda juu ya kiti, teremsha ule mfuko. Anza na mkanda wenye sauti za watu ambao hatunao tena. Ile mechi ya Simba na Yanga uliyorekodi kwenye TV itasubiri zamu yake.