Ushabiki Usitufanye Tusahau Ujirani

Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, walinena wahenga. Guu lililojikwaa hufungwa kitambaa likapona. Neno lililotoka kinywani halirudi, wala hakuna tabibu ajuaye dawa yake. Mimi nilijikwaa ulimi mbele ya kadamnasi, na mahali nilipojikwaa ni uwanja wa michezo wa Afraha, hapa Nakuru. Ninakisimulia kisa hicho leo kwa sababu kila ninapowasikia mashabiki wetu wakifoka majukwaani, ninajisikia mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa 2006. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi ambayo kwa miaka mingi iliufanya Afraha kuwa nyumbani kwake, ilikuwa ikimenyana na timu moja kutoka Nairobi. Ulinzi ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi kuu miaka mitatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005, nasi wakazi wa Nakuru tulitembea vifua mbele kana kwamba ni sisi tuliofunga mabao. Kando yangu aliketi kinyozi wangu, mtu mpole mwenye duka dogo mtaani kwetu. Tulikuwa na desturi ya kwenda uwanjani pamoja: yeye hununua njugu, mimi hununua miwa, tukala huku tukibishana kuhusu nani aingizwe na nani atolewe.

Katika dakika za lala salama mshambuliaji wetu aliangushwa ndani ya kisanduku. Sote tuliona, au tulidhani tumeona, kuwa ni penalti. Refa akapunga mkono mchezo uendelee. Nikasimama. Laiti ningemwambia refa akanunue miwani, kama ilivyo ada ya viwanjani, yangekwisha hapo. Lakini nililijua jina lake, na kwa jina hilo nikalijua kabila lake. Nikapaza sauti nikasema kwamba watu wa kwao ni wezi tangu tumboni mwa mama zao.

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Wawili watatu walipiga makofi. Niliketi nikijiona hodari wa maneno, nikanyoosha mkono kwa kinyozi nipewe njugu. Mkono wangu ulikaa hewani. Yeye alikuwa ameishika karatasi ya njugu mapajani, macho yake yakiutazama mpira ambao wakati huo ulikuwa umetoka nje. Ndipo nilipokumbuka kwamba refa yule na rafiki yangu huyu walitoka jamii moja. Kipenga cha mwisho kilipolia aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wewe tangulia. Mimi napitia sokoni." Saa ile soko lilikuwa limekwisha kufungwa.

Tangu siku hiyo hakufuatana nami tena. Nilipomwalika alisema wateja ni wengi. Aliendelea kuninyoa, wembe wake ukipita shingoni mwangu kwa upole uleule, ila mazungumzo yalikwisha. Nami, badala ya kuomba radhi, nilijiambia kwamba maneno ya uwanjani huishia uwanjani.

Hayakuishia huko. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipozua ghasia, zaidi ya watu 1,100 waliuawa kote nchini na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Mwishoni mwa Januari 2008 moto huo uliwaka ndani ya Nakuru yenyewe. Uwanja wa maonyesho ya kilimo ulijaa wakimbizi, na Afraha nao ukageuzwa kambi. Nilikwenda pale pamoja na watu wengine kupeleka unga na blanketi. Chini ya jukwaa, si mbali na mahali tulipokuwa tukila njugu, nilimkuta kinyozi wangu na mkewe na watoto wao, na mali yote waliyookoa ikiwa imefungwa katika shuka moja. Alinitazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Mwalimu, leo hakuna mechi."

Nilitaka kumwomba msamaha. Ulimi uliokuwa mwepesi kutukana siku ile ukawa mzito kama jiwe. Nilimpa blanketi nikaondoka. Baada ya wiki chache alipanda basi la kwenda mahali walipopaita kwao, ambapo hakuwa ameishi tangu utotoni. Sijamwona tena.

Msomaji usinielewe vibaya. Sidai kwamba tusi langu ndilo lililolichoma duka la kinyozi. Waliolichoma walikuwa wengine, na chanzo cha ghasia zile kilikuwa kirefu: ardhi, siasa, na dhuluma za miaka mingi ambazo hazikutatuliwa. Ninalosema ni hili. Maneno niliyoyasikia yakipigiwa kelele barabarani Januari ile hayakuwa mageni masikioni mwangu. Nilikuwa nimeyatamka mwenyewe, tena watu wakacheka. Anayewazoeza watu kucheka wanapoambiwa kuwa jirani yao ni mwizi wa kuzaliwa, amewapunguzia kazi wale watakaokuja baadaye na viberiti.

Wako watakaonijibu kwamba kandanda bila kelele ni kama chai bila sukari, na kwamba mnyonge aliyesumbuka wiki nzima hana pengine pa kutolea dukuduku lake. Ninakubaliana nao. Sitaki majukwaa yawe kimya kama chumba cha mtihani. Lugha yetu ya Kiswahili, hata hivyo, ilikwisha kutupa njia ya kupigiana kelele bila kuumizana, na njia hiyo inaitwa utani. Simba na Yanga za Dar es Salaam, ambazo zimepambana tangu miaka ya 1930, huitwa watani wa jadi. Hapa kwetu pambano la Gor Mahia na AFC Leopards huitwa pambano la mashemeji, kwa kuwa jamii zilizoanzisha timu hizo zimeoana kwa vizazi vingi.

Utani una sheria zake ingawa hazikuandikwa. Mtani huchezewa na mtu anayemjua. Mtani ana haki ya kujibu, na akijibu vizuri wewe ndiwe unayetakiwa kucheka. Kisha siku ya msiba mtani huyo ndiye wa kwanza kufika. Tusi halina hata moja kati ya haya. Tusi la kikabila hasa halimwachi mtu nafasi ya kujibu, kwa sababu halimlaumu kwa alilotenda. Linamlaumu kwa kuzaliwa. Refa aliyekosea anaweza kusahihisha kosa lake mechi ijayo. Atasahihishaje ukoo wake?

Historia ya soka yetu inatuonyesha kwamba jambo hili si jipya. Katika mwaka wa 1980, serikali ilipozipiga marufuku jumuiya zenye sura ya kikabila, Abaluhya ilibadilisha jina ikawa AFC Leopards. Majina hubadilishwa kwa siku moja, lakini mioyo huchelewa. Oktoba 23, 2010, watu saba walikufa katika mkanyagano kwenye uwanja wa Nyayo jijini Nairobi siku ya pambano hilohilo la mashemeji. Machi 2012, katika uwanja huohuo, kadi nyekundu moja ilitosha kuwafanya mashabiki wang'oe viti na kuusimamisha mchezo. Mkasa wa 2010 ulihusu zaidi milango na msongamano kuliko chuki, na wasimamizi wa viwanja wana sehemu yao ya lawama. Hata hivyo umati uliozoea kusukumana kwa hasira haujui kusimama mtu anapoanguka.

Wala tusidhani kuwa ni sisi Waafrika tu. Katika mwaka wa 532, mjini Konstantinopoli, mashabiki wa mashindano ya magari ya farasi, waliogawanyika kati ya Buluu na Kijani, waliuteketeza mji wao wenyewe, na waandishi wa enzi hizo wanataja maelfu kwa maelfu ya waliouawa. Mei 29, 1985, watu 39 walikufa katika uwanja wa Heysel, Ubelgiji, baada ya mashabiki wa Liverpool kuwashambulia wale wa Juventus na ukuta kuporomoka. Klabu za Uingereza zilifungiwa nje ya mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano, na adhabu hiyo ikawaangukia hata wasiorusha jiwe. Ndivyo ilivyo kwa shabiki mkorofi: huvunja chungu, wakalipa wote waliokula.

Palipo na ubaya hapakosi wema, na hatuhitaji kusafiri mbali kuutafuta. Nendeni katika uwanja wa raga wa Nakuru wakati wa mashindano ya wachezaji saba kila upande yaitwayo Prinsloo. Vijana hugongana kama ndume, kisha kipenga cha mwisho kikilia hupanga mistari miwili wakawapigia makofi wapinzani wao wanapopita katikati. Mashabiki wa raga si malaika, na chupa huwa nyingi kupita kiasi. Lakini desturi ile ya kumpigia makofi aliyekushinda ni shule. Nendeni vilevile kwenye mbio za nyika za wanafunzi hapa Bonde la Ufa. Mshindi hupokewa kwa vigelegele, ndiyo, ila anayefika wa mwisho, miguu ikiwa imejaa tope, naye hupigiwa makofi mpaka avuke mstari. Hakuna anayemwuliza anatoka kwa nani.

Nakuru yenyewe iliwahi kuwa mfano. Nakuru AllStars ndiyo timu iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka wa 1963, mwaka ule wa uhuru, ikautwaa tena mwaka wa 1969. Timu ile ilibeba jina la mji, si la ukoo. Ulinzi nayo ni timu ya jeshi la taifa, ambamo vijana wa kila pembe ya nchi huvaa sare moja. Mji huu, uliopandishwa hadhi ukawa jiji mwezi wa Desemba 2021, una watu wa makabila yote, kutoka Bondeni hadi Kaptembwo, kutoka Lanet hadi Shabab. Katika mji wa namna hii mtu hawezi kutukana kabila lolote jukwaani bila kumtukana aliyeketi karibu naye. Hilo ndilo nililolisahau mwaka wa 2006.

Basi tufanye nini? Sheria ipo. Sheria ya utangamano na uwiano wa kitaifa ya mwaka wa 2008, iliyotungwa baada ya ghasia zile, inamtoza mwenye kuchochea chuki za kikabila faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini polisi hawezi kukaa katika kila safu ya viti. Anayekaa katika kila safu ni wewe na mimi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yetu sisi tusiotukana. Siku ile hapana aliyenikanya. Laiti mzee mmoja angegeuka akasema, "Mwalimu, hapo umepita mpaka," ningeaibika papo hapo, na huenda kinyozi angenipa njugu zangu. Kicheko cha majirani ndicho kilichonipa kichwa. Asiyecheka amekwisha kumkanya mwenye tusi nusu, na anayesema neno moja la upole amemaliza kazi. Waliokwenda na watoto wakumbuke pia kwamba mtoto haendi uwanjani kujifunza kanuni ya kuotea pekee. Hujifunza namna baba yake anavyoshindwa.

Kazi ya pili ni kumlaumu mtu kwa alilolitenda. Mwambie refa kwamba amekosea. Mwambie mshambuliaji wako kwamba mguu wake ni wa mbao. Mzomee mlinda lango aliyetemwa na mpira mikononi. Haya yote ni chumvi ya mchezo. Ukifika kwenye jina la ukoo wake, meza mate unyamaze.

Na kazi ya tatu ndiyo ngumu zaidi: kuomba radhi mapema, kabla basi halijaondoka. Uwanja wa Afraha umebomolewa na kujengwa upya katika miaka hii ya karibuni. Katika Kiarabu, afrahi ni furaha, na ni neno la shina moja na furaha yetu ya Kiswahili. Majukwaa mapya hayakumbuki tusi langu wala shuka lililofungwa mali ya familia moja. Mimi ninakumbuka. Palipokuwa na duka la kinyozi sasa panauzwa vifaa vya simu, na kila ninapopita pale ninajipapasa shingo.

Ikiwa maandishi haya yatamfikia popote alipo, ajue kwamba yule refa hakuwa mwizi. Wala yeye. Na njugu, safari hii, ningenunua mimi.