Mapambo ya Kisanaa: Thamani Iko Wapi?

Ukimpelekea sonara bangili ya kuuza, kwanza ataiweka kwenye mizani. Atakagua karati, atapiga hesabu ya gramu, kisha atakutajia bei. Kwake yeye, thamani ya pambo ni madini yake. Katika mada hii utakutana na wasanii walioikataa mizani hiyo.

1. Maana

Mapambo ya kisanaa ni mapambo ya mwili, kama vile pete, bangili na kidani, yanayobuniwa ili yabebe wazo la msanii, siyo kupendeza tu au kuonyesha mali. Mara nyingi msanii huchanganya malighafi za thamani (dhahabu, fedha, almasi) na zile za kawaida (mpira, plastiki, kioo, karatasi).

2. Mifano mitatu ya kukumbuka

(a) René Lalique, Ufaransa. Karibu na mwaka 1900 alitengeneza mapambo yaliyochanganya dhahabu na almasi pamoja na pembe za wanyama, kioo na enameli. Alichagua malighafi kwa rangi na umbo lake, si kwa bei yake sokoni.

(b) Gijs Bakker na Emmy van Leersum, Uholanzi. Mwaka 1967 walionyesha mapambo makubwa ya shingoni yaliyotengenezwa kwa alumini, madini yale yale ya sufuria za jikoni. Mwaka 1973 Bakker alikwenda mbali zaidi: alifunga waya wa dhahabu mwilini na kuukaza. Waya ulipoondolewa, ulibaki mfinyo kwenye ngozi. Alama hiyo ndiyo iliyokuwa pambo. Dhahabu ilikuwa kifaa tu.

(c) Otto Künzli, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Munich, Ujerumani. Mwaka 1980 alitengeneza bangili ya mpira mweusi na kuficha tufe la dhahabu ndani yake. Kazi hiyo aliiita "Dhahabu Hupofusha".

3. Uchambuzi wa mfano (c)

Unajua methali isemayo kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Künzli ameigeuza: hapa dhahabu ipo, lakini haing'ai. Unachoona ni uvimbe mweusi tu. Ukitaka uhakika, lazima ukate mpira, na ukiukata umeiharibu kazi yenyewe. Kwa hiyo mvaaji ana njia mbili: kumwamini msanii, au kuharibu pambo.

Sasa jiulize: tukiondoa mpira, kitabaki nini? Tufe la dhahabu, nalo sonara atalipima kwa gramu. Tukiondoa dhahabu na kuweka jiwe la ukubwa ule ule? Hakuna atakayeona tofauti kwa macho, ila bangili itakuwa imesema uongo. Kila malighafi inaihitaji mwenzake. Thamani ya kazi imo katika swali linalozaliwa zinapokutana.

4. Makosa ya kuepuka

• Kuandika kuwa msanii alitumia mpira "ili kupunguza gharama". Angetaka kupunguza gharama, asingeweka dhahabu kabisa.
• Kuandika kuwa dhahabu "haina maana tena" katika mapambo haya. Bila heshima ambayo watu huipa dhahabu, kazi ya Künzli isingekuwa na nguvu yoyote.
• Kutaja malighafi bila kueleza kila moja inafanya kazi gani.

5. Swali la mazoezi

"Msanii anayeficha dhahabu ndani ya mpira anaipotezea dhahabu thamani yake." Jadili.

Mwongozo: Anza kwa kutofautisha thamani ya soko na thamani ya kisanaa. Eleza upande unaokubaliana na kauli: dhahabu iliyofichwa haionekani, wala haimpi mvaaji sifa mbele ya watu. Kisha eleza upande unaoipinga, ukitumia angalau mifano miwili kutoka sehemu ya 2. Malizia kwa msimamo wako na sababu yake.

Kabla hujaandika, tafuta nyumbani kwenu pambo moja ambalo mama au bibi yako hawezi kuliuza, hata likiwa la shanga tupu. Muulize kwa nini. Jibu atakalokupa litakusaidia kueleza thamani ambayo mizani ya sonara haiwezi kuipima.