Mbinu za kanda katika kurekodi muziki

Mbinu za kanda ni njia za kubadilisha sauti kwa kuichezea kanda ya sumaku iliyoibeba: kuikata, kuiunga, kuigeuza au kubadili kasi yake. Mtu mwenye rekoda nyumbani anaweza kuzitumia bila ala za gharama kubwa.

Historia

Mwaka 1944 Halim El-Dabh wa Misri alirekodi ngoma ya zar mjini Kairo kwa kinasa sauti cha waya wa chuma, kisha akaibadilisha sauti hiyo kwa mitambo ya redio. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer alifanya kazi ya namna hiyo mjini Paris kwa sahani za santuri. Nchini Marekani, Les Paul alirekodi katika gereji ya nyumba yake. Wimbo wake "Lover" (1948) una magitaa kadhaa yaliyopigwa na yeye peke yake.

Mbinu kuu

* Kubadili kasi. Sauti iliyorekodiwa kwa sentimita 19 kwa sekunde ikichezwa kwa sentimita 38, hupanda kutoka do ya chini hadi do ya juu, na muda wake hupungua kwa nusu.
* Kitanzi. Kipande cha kanda huungwa ncha kwa ncha ili sauti ijirudie. Kwa kasi ya sentimita 19, kitanzi cha sentimita 76 hujirudia kila baada ya sekunde 4. Kitanzi kirefu hushikiliwa kwa penseli kisilegee. Ncha hukatwa kwa mshazari ili kiungo kisisikike. Gundi ya karatasi ya kawaida huvuja na kuchafua mashine, hivyo hutumika utepe maalumu wa kuungia kanda. The Beatles walitumia vitanzi katika "Tomorrow Never Knows" (1966). Paul McCartney alikuwa amejaribu mbinu hiyo nyumbani kwake.
* Mwangwi. Kichwa cha kurekodi na kichwa cha kusomea vikiachana sentimita 5, sauti huchelewa takriban robo ya sekunde kwa kasi ya sentimita 19. Ikirudishwa kidogo kwenye kurekodi, hujirudia ikififia.
* Sauti juu ya sauti. Mpigaji husikiliza alichorekodi, huongeza ala nyingine, na vyote hurekodiwa pamoja.

Hatari yake

Katika rekoda ya Les Paul yenye kanda moja, kila tabaka jipya lilifuta lililotangulia. Kosa moja katika tabaka la mwisho liliharibu kazi yote, ikabidi kuanza upya. Pia mvumo wa kanda huongezeka kila sauti inaponakiliwa. Kwa sababu hiyo sehemu muhimu zaidi, kama vile sauti ya mwimbaji, hufaa kurekodiwa mwishoni. "How High the Moon" (1951), alioufanya pamoja na mkewe Mary Ford, ulitengenezwa kwa njia hii.

Siku hizi programu za kompyuta huhifadhi kila tabaka peke yake, lakini majina na kanuni za mbinu hizi yametokana na kanda.