Cheti Kingine cha Scrum Hakitaharakisha Kazi

Mameneja wa timu za programu wananiuliza swali lilelile kila mara: "Watu wangu wote wana cheti cha Scrum, na kila asubuhi tunakutana. Mbona kazi bado zinachelewa? Tuchukue cheti gani kingine?" Hakuna. Acheni kulipia vyeti.

Mtihani wa PSM I wa Scrum.org, mmoja wa mitihani ya vyeti hivyo, una maswali 80 ya kuchagua majibu, hufanywa mtandaoni kwa dakika 60, na ukipata asilimia 85 umefaulu. Unapima kama mtu ameuelewa mwongozo wa Scrum wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, ambao hupatikana bure na husomeka jioni moja. Hata hivyo naona timu zenye vyeti ambazo kikao chao cha asubuhi ni cha kumsomea meneja ripoti: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, nimekwama wapi. Maswali hayo matatu yaliondolewa katika mwongozo mwaka 2020! Kikao hicho ni cha wasanidi kupanga kazi yao ya siku, kwa dakika 15.

Kinachowachelewesha hasa ni imani kwamba timu huenda kasi kila mtu akijaziwa kazi, akamaliza fungu lake lote, ndipo alipitishe kwa mwenzake. Ukiwaeleza watu kwamba sivyo, huitikia, kisha hurudi ofisini kugawa kazi vilevile. Ndiyo maana nawaketisha mezani na sarafu 20.

Watu wanne wanakaa kwa mstari. Wa kwanza anageuza sarafu moja moja kwa mkono wa kushoto, akizimaliza zote anamsukumia wa pili, hivyo hivyo hadi kwa mteja. Tuseme kila sarafu inachukua sekunde 1. Mteja atangoja sekunde 80 kabla ya kupata chochote. Raundi ya pili, pitisheni sarafu tano tano: fungu la kwanza linamfikia katika sekunde ya 20, la mwisho katika ya 35. Raundi ya tatu, kila sarafu ikigeuzwa ipite: ya kwanza inafika sekunde ya 4, ya mwisho ya 23. Hakuna aliyeongeza kasi ya mkono. Kila mmoja bado amegeuza sarafu 20 kwa sekunde 20.

Sasa msimamishe meneja nyuma ya kila mfanyakazi, ampime kwa saa ya simu. Raundi ya tatu humkera: mtu wake mara nyingi ametumia muda mrefu kidogo kuliko mwanzo, maana kuna kupokea na kusubiri. Kipimo hicho ndicho anachokitumia ofisini mwaka mzima, na hapa mezani anaona kinavyopingana na saa ya mteja. Ubishi unaozuka hapo unafundisha kuliko slaidi zozote.

Wapo wanaosema programu si sarafu. Kweli, na hali ya programu ni mbaya zaidi, kwa sababu fungu kubwa huficha makosa. Msanidi akimkabidhi mpimaji vipengele 20 kwa mpigo, kosa la kipengele cha kwanza litagunduliwa wakati vingine 19 vimeshajengwa juu yake.

Mkiwa na saa moja, sarafu zinatosha. Mkiwa na nusu siku, jengeni mji wa Lego kwa sprinti fupi, zoezi lililoenezwa na Alexey Krivitsky. Mwenye bidhaa akague kila jengo na alikatae lisilomfaa. Hamna Lego, tumieni maboksi na gundi. Kundi kubwa licheze mchezo wa mipira wa Boris Gloger: kadirieni mipira mtakayopitishana, rusheni, rekebisheni, rudieni. Kila raundi ifuatwe na mazungumzo ya kilichotokea, la sivyo mmepoteza mchana. Kesho yake, wekeni kikomo cha kadi za kazi katika kila safu ya ubao wenu, mkianza na safu ya majaribio, ambako kwa kawaida kazi hurundikana. Safu ikijaa, msanidi asianze kipengele kipya, amsaidie mpimaji.