Maelfu Dirishani, Wachache Mwambani

Kata jani moja la ua la Usambara pamoja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, usubiri wiki kadhaa. Mche utachipuka pale chini. Ukikomaa, majani yake nayo utawagawia majirani. Kwa njia hii nyepesi, mmea wa miamba ya Tanga umeenea kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na Wajerumani mpaka leo huuita urujuani wa Usambara.

Safari ilianza mwaka 1892, pale Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipompelekea baba yake mmea huo huko Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliupa jina la ukoo wao: Saintpaulia. Mwaka 1927 kitalu cha Armacost na Royston huko California kilianza kuuza aina 10 zilizochaguliwa kutokana na mbegu za Ujerumani na Uingereza. Leo aina za bustanini zinahesabika kwa maelfu.

Basi mmea uliojaa dunia nzima unahitaji kuhifadhiwa kwa nini? Hapa ndipo hesabu inapotudanganya. Mche uliotoka kwenye jani una vinasaba vilevile vya mama yake. Ukiwa na miche elfu ya jani moja, kwa upande wa urithi una mmea mmoja tu. Ugonjwa ukiushinda mmoja, yote elfu haina kinga.

Fikiria gunia la maharage mchanganyiko katika soko la Lushoto: ya njano, mekundu, yenye madoa, na hapa na pale punje nyeusi. Chota konzi moja. Huenda punje nyeusi zisiwemo kabisa. Panda konzi hiyo, vuna, chota tena konzi kutoka kwenye mavuno. Kila mara rangi nyingine yaweza kupotea, na iliyopotea hairudi hata ukivuna magunia mia. Mimea iliyochukuliwa mwaka 1892 ilikuwa konzi. Gunia lilibaki milimani.

Na gunia lenyewe halikai mahali pamoja. Mimea hii huota kwenye mianya ya miamba yenye kuvumwani, kandokando ya vijito, chini ya kivuli cha miti mirefu. Imetawanyika vikundi vikundi katika milima ya Tao la Mashariki, toka Taita nchini Kenya hadi ndani ya Tanzania, na vichache viko pwani. Mwamba mmoja waweza kuwa na mashina machache tu, na kati yake na mwamba wa pili kuna bonde, shamba la chai au kijiji.

Anayeunganisha miamba hiyo ni nyuki. Ua la Saintpaulia halina nekta. Linamvutia kwa chavua ya njano iliyofungwa ndani ya vifuko. Nyuki wa jamii ya Amegilla, ambao hawaishi mzingani, hulishika ua na kutetemesha misuli ya mabawa mpaka chavua imwagike. Kijiti kinachopokea chavua huinamia kulia katika maua mengine na kushoto katika mengine, hivyo chavua iliyoshika ubavu mmoja wa nyuki hulifaa ua lililoinamia upande wa pili. Ni ufundi wa ajabu. Lakini nyuki akikosa msitu wa kupitia, mashina ya mwamba mmoja huzaliana yenyewe kwa yenyewe, vizazi kwa vizazi, na kasoro zilizokuwa zimejificha katika urithi hukutana.

Huko Taita, Saintpaulia teitensis iko katika msitu mmoja tu, wa Mbololo. Katika Kaunti ya Kilifi, Saintpaulia rupicola imeshikilia mawe machache ya chokaa. Ukichoma mkaa juu ya jiwe la namna hiyo, huna mahali pengine pa kuanzia.

Mwaka 2015 wataalamu waliosoma vinasaba waliiingiza Saintpaulia yote ndani ya jenasi ya Streptocarpus, na nyingi kati ya spishi za Usambara sasa huhesabiwa nususpishi za Streptocarpus ionanthus. Kwa mtu wa ofisini, hiyo yaweza kusikika kama habari njema: spishi za kulinda zimepungua. Mimi naiona ni hatari. Jina limebadilika, miamba haikubadilika. Kikundi cha kando ya bahari kimezoea joto ambalo cha mlimani hakijapata kulionja, na uzoefu huo umo katika mbegu zake. Orodha ya kulindwa inapaswa kutaja miamba.

Mbegu zikusanywe kutoka mwamba mmoja mmoja, kutoka mashina mengi kadiri inavyowezekana, na kila pakiti iandikwe ilikotoka, ili miche ya Mbololo irudi Mbololo. Hata hivyo kazi kubwa iko juu ya mwamba, si kwenye kitalu. Mti unaoutilia kivuli ukikatwa kwa ajili ya mbao, jua la saa sita hushuka moja kwa moja, kuvumwani hukauka, na majani yale ya manyoya laini huanza kujikunja.