Kwa Nini Sadaka Yetu Ifike Hadi Maabara ya Wahandisi?



Mwamini anayechangia bati za kigango chake huona tunda la sadaka yake kila Dominika. Akiombwa kusaidia kitivo cha uhandisi, aweza kuuliza kwa haki: je, hilo nalo ni tendo la huruma?

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Mwanza, ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Mizizi yake ni chuo kilichoanzishwa Nyegezi mwaka 1960 na Wamisionari wa Afrika, shirika lile lile lililofika Ujiji na Injili mwaka 1879. Kilifanywa chuo kikuu mwaka 1998, na miongoni mwa masomo yake ni uhandisi wa ujenzi na wa umeme. Basi ni chuo chetu pia, sisi wa Kigoma.

Uhandisi haufundishwi kwa chaki peke yake. Mwanafunzi hana budi kupima udongo kabla ya kuchora msingi, na kumimina mche wa zege, kuungoja siku 28, kisha kuuvunja kwa mashine ili ajue uwezo wake wa kubeba mzigo. Gharama za mashine hizo na matengenezo yake zikitwikwa ada yote, mtoto wa mvuvi wa Kibirizi atabaki nje ya mlango.

Sisi wa mwambao tunaijua thamani ya elimu hiyo. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kwa vizazi vingi imebeba watu wetu. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni na kuvamia makazi na mialo, tulikumbushwa kwamba nyumba, gati na mitaro huhitaji mtu aliyefundwa kupima kabla ya kujenga. Kumwokoa jirani kabla maji hayajamfikia nako ni huruma.

Haina maana kwamba mgonjwa na mwenye njaa wasubiri. Kila mmoja aanze na familia yake, zaka na kigango chake. Kinachobaki, hata kikiwa kidogo kama cha mjane wa Injili, kina thamani mbele za Mungu.

Tutoe pia kwa busara. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, yaagiza kwamba sadaka iliyotolewa kwa lengo maalumu itumike kwa lengo hilo tu. Kwa hiyo mtoaji ataje lengo lake kwa maandishi, apitie kwa paroko au ofisi ya chuo, na adai stakabadhi. Asitume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akitajiwa jina la askofu.

Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, mtuombee.